Upinde wa Wifi

Fundi alichana kipande cha pamba, akakibana kati ya vidole viwili kama mtu anayetaka kusafisha kidonda, kisha akaanza kukipitisha polepole juu ya bawa la upinde. Pamba ilitambaa kutoka penye mshikio hadi nchani, ikageuka, ikarejea kwa upande wa chini.

"Natafuta ufa," alisema hatimaye bila kuinua macho. "Jicho hudanganywa na rangi. Pamba haidanganyiki. Penye ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, itanasa tu."

Upande wa pili wa meza alisimama mwanamke mjalidi wa vitabu, mkono wake wa kulia ameubana kifuani kwa mazoea ya miezi saba, akiomba kimoyomoyo pamba inase.

Hakuwa mtu wa kuviombea vitu mabaya. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameishi kwa kuokoa vilivyochakaa: kamusi zilizokatika uti, vitabu vya sala vilivyoachana na majalada yao, tasnifu za wanafunzi zilizoraruliwa na haraka za wenyewe. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba. Kilikuwa na meza mbili, makopo ya gundi, mabunda ya uzi wa kitani, na shinikizo la chuma lenye usukani mkubwa, ambao aliuzungusha kwa mkono wa kulia mpaka kurasa zikashikana kama ndugu. Kisha siku moja, akishuka ngazi na mzigo wa kadibodi uliomziba macho, alikosa kidato kimoja tu. Bega likachomoka, misuli ikachanika. Madaktari walilirudisha bega mahali pake, misuli wakaishona, lakini usukani wa shinikizo haukuzunguka tena. Kila alipojaribu, mkono ulifika usawa wa kifua ukagoma, kama punda anayeujua mlima.

Mtaalamu wa viungo hospitalini, binti mwenye sauti ya upole na vidole visivyo na huruma, alimwambia kweli mbele ya mumewe. "Mama, bega limepona. Kilichobaki ni kuliogopa. Huu utepe wa mpira ninaokupa uvute nyumbani, naona umeshauchukia. Tafuta kitu kingine cha kuvuta, ila kiwe kitu utakachokipenda."

Mumewe alikuwa mtu mwema, lakini kinywa chake kilikuwa pakacha: hakikuhifadhi maji. Kabla siku haijaisha, maneno ya mtaalamu yalikuwa yameshamfikia dada yake.

Dada mtu alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo. Watu wote, pamoja na mdogo wake wa tumbo moja, walimwita Kamanda. Alikuwa mrefu, mkavu, na alitembea kana kwamba nyuma yake kuna gwaride. Kati yake na mjalidi hapakuwa na ugomvi, bali kitu kibaya kuliko ugomvi: adabu. Walisalimiana kama watu wanaolipana. Na katika mwaka ule hata salamu zilikuwa zimeanza kupungua. Mjalidi alikumbuka siku waliyopishana nje ya duka la dawa. Alimpungia mkono, akamwita, "Wifi!" lakini gari lilikuwa linapiga honi, na Kamanda akapita hatua mbili kutoka kwake, shingo imenyooka, macho mbele, kama anayepita kando ya nguzo. Alikumbuka pia siku alipomwandalia chai, na Kamanda akakipiga kikombe kwa mgongo wa mkono kikaanguka sakafuni. Badala ya kuomba radhi alisema, "Vikombe vyenu vidogo kama vya wanasesere." Mjalidi aliokota vigae. Aliyameza mengi mwaka ule, na hakuna lililoyeyuka tumboni.

Basi alasiri moja Kamanda alibisha hodi akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa katika shuka. Akakiweka mezani, juu kabisa ya karatasi zilizokuwa zinakauka.

"Nimekuletea chuma," alisema. "Cha kuvuta. Kama hukitaki, kitupe."

"Karibu chai, wifi."

"Sina muda. Nataka nifike kwangu jua likiwa juu."

Akaondoka. Mjalidi alifungua shuka akakuta upinde. Haukuwa upinde wa fimbo iliyopindwa, bali ule wa kisasa, wenye mshikio wa chuma, mabawa mawili mafupi, na gurudumu moja kila ncha, nyuzi zikipita huku na huku kama mitambo ya lifti. Ulikuwa mkuukuu. Nyuzi zake zilikuwa zimefumka, nywele zimesimama kama manyoya ya paka aliyenyeshewa. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechunika.

"Mtu mwenye bega bovu unampa upinde mbovu," alimwambia mumewe. "Tuite hiyo nini?"

"Dada yangu hajui kutoa kitu akapendeza," mume alisema. "Hata siku ya harusi yetu zawadi aliitua kama mtu anayeshusha gunia."

Mjalidi hakufarijika. Akapanga jambo. Angeupeleka upinde kwa mtu anayejua, asikie kwa kinywa cha mjuzi kwamba umekufa, kisha aurudishe kwa mwenyewe ukiwa ndani ya shuka ile ile, imefuliwa, imepigwa pasi. Ile pasi ndiyo hasa aliyoitaka iseme.

Ndivyo alivyofika katika karakana hii nyuma ya duka la baiskeli, kwa fundi huyu aliyevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Watu walisema zamani alitengeneza cherehani. Sasa wapigaji shabaha wa mji mzima walimletea pinde zao.

Pamba ilimaliza safari ya bawa la pili. Haikunasa popote.

"Mzima," fundi alisema, akaitupa pamba. "Mzima kabisa. Mabawa yamekaa mahali pakavu, hayajawahi kuachwa juani. Mwenye upinde huu aliupenda."

Moyo wa mjalidi ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba. "Lakini nyuzi zake…"

"Ah, nyuzi! Nyuzi ndizo maiti. Ugwe huu ungekukatikia ukiwa umevuta, na kwa jinsi unavyoubana mkono huo, ungerudi hospitali ukiwa na bega la pili." Aliupindua upinde chini ya taa, akabadilisha miwani, ya paji ikashuka puani na ya puani ikapanda. Kisha akasita. Katikati ya ugwe, pale mshale unapokaa, palizungushiwa uzi mwembamba uliokuwa zamani mwekundu. Aliukwaruza kwa ukucha. "Ngoja kwanza. Huu uzi nimeufunga mimi."

"Una hakika?"

"Mama, wewe hufahamu mshono wako?"

Swali hilo lilimgusa mjalidi bila fundi kujua. Angeweza kulitambua jalada lake gizani, kwa kupapasa tu.

"Huu ni upinde wa yule mwalimu wa michezo," fundi aliendelea, sauti imechangamka. "Mrefu kama mlingoti! Alikuwa anavuta uzito ambao wanaume walikuwa wakiuvuta kwa kuuma meno. Mara ya mwisho kumwona ni miaka mitatu sasa. Umeupataje?"

"Ni wifi yangu," mjalidi alijibu. Neno lilitoka bila asali.

"Basi simama hapa ukutani nikupime, maana hauwezi kukufaa. Upinde huu una urefu wake wa kuvutwa, na yule mama ana mikono ya korongo. Nyoosha mikono yote miwili."

Mkono wa kushoto ulinyooka. Wa kulia ulipanda, ukafika usawa wa mbavu, ukatetemeka, ukakataa. Mjalidi alihisi joto likimpanda usoni. Alitamani ukuta umfunike. Fundi hakuuliza lolote, wala hakusema pole. Alipima kutoka katikati ya kifua hadi ncha ya kidole cha kushoto, akazidisha kwa mbili.

"Inatosha," alisema. "Mungu hakati mikono miwili kwa rula mbili."

Alikwenda mezani, akapiga hesabu yake, akaugeuza upinde kutazama kipande kidogo cha chuma kilichofungwa ndani ya gurudumu, kile kinachoamua urefu wa kuvuta. Alitazama. Akatazama karatasi. Akavua miwani zote mbili.

"Huu haujakaa kwa urefu wa mwalimu," alisema taratibu. "Umeshapunguzwa. Umepunguzwa hadi kwenye kipimo chako, sijui kama tofauti inafika nusu inchi. Na boliti za mabawa zimelegezwa mpaka mwisho wa ruhusa. Upinde huu hauwezi kuwa mwepesi zaidi ya hapa. Nani alikupima?"

"Hakuna aliyenipima."

"Lazima yupo aliyekupima, mama. Namba hizi hazikuanguka na mvua."

Ndipo alipokumbuka. Katika wiki za kwanza, mkono ukiwa umefungwa kifuani, hakuweza kuvaa nguo yake yoyote. Kamanda alikuja akachukua magauni matatu pasipo kuomba, na siku mbili baadaye akayarudisha yamefumuliwa bega, mkono na ubavu, yametiwa vifungo, ili bandeji ipite. Mshono wake ulikuwa wa hovyo, umepinda kama njia ya ng'ombe, na mjalidi, ambaye alikesha maisha yake yote akinyoosha mishono, aliona kaharibiwa magauni yake mazuri. Hakuwaza kwamba mtu hawezi kufumua mikono ya gauni bila kuujua urefu wa mkono.

"Ila aliyefanya kazi hii," fundi alikuwa akinung'unika sasa, akipapasa skrubu, "alistahili viboko. Tazama! Kichwa kimechunwa kote kote. Ufunguo ulikuwa unateleza nje ya tundu. Mara nne, mara tano kwa skrubu moja. Kama mtu anayetafuta tundu la kitasa gizani. Na yule mwalimu alikuwa makini, huwezi kumwona…"

Akakoma. Akavuta ugwe wa zamani karibu na taa. Juu ya ule uzi mwekundu, kati ya nyuzi za ugwe, palikuwa pamefungwa kijipete cheusi, kitundu ambacho mpigaji huchungulia ndani yake ili aione shabaha.

"Alikuja nimwekee kitundu kikubwa zaidi," alisema. "Nikamwekea. Baada ya muda akarudi, akataka kikubwa kuliko hicho. Nikamtania, nikamwambia, 'Mwalimu, hapa sasa anapita ng'ombe na pembe zake.' Alicheka sana. Hakurudi tena." Akakigusa kile kijipete. "Mimi na utani wangu."

Mlangoni mtu alikuwa anajaza upepo gurudumu la baiskeli. Pampu ilihema, ikanyamaza, ikahema. Mjalidi aliona duka la dawa, na mwanamke mrefu akipita hatua mbili kutoka kwake, macho mbele. Aliona kikombe kilichokuwa kando ya mkono, si mbele yake. Akasikia: nataka nifike kwangu jua likiwa juu. Mambo aliyoyabeba mwaka mzima kama mawe yalikuwa yanamtoka mikononi moja moja, na kila moja lilipodondoka aliona haya.

Alivuta kigoda akakaa.

"Alikaa peke yake," alisema, nusu kwa fundi na nusu kwa nafsi yake, "akafungua skrubu asizoziona."

"Basi una wifi," fundi alisema.

Alikuwa mtu wa kazi. Alifunga vigingi viwili vya chuma kwenye ubao mrefu, akaanza kuzungusha nyuzi kati yake, moja baada ya nyingine, akihesabu kwa midomo mpaka zikatimia ishirini na nne. Akazipaka nta, akazisugua kwa kipande cha ngozi mpaka zikapata joto na kulala pamoja. Harufu ya nta ilimfikia mjalidi pale kigodani, ikamwamsha. Ilikuwa harufu ya mezani kwake. Hakuwa ameisikia tangu kuanguka.

Fundi alipoanza kuzungushia uzi wa kukinga katikati ya ugwe, mjalidi alijikuta amesimama.

"Unazungusha ukiwa umelegeza," alisema.

"Nini?"

"Samahani, fundi. Uzi huo ukiulegeza mwanzoni, utateleza wote. Mzunguko wa kwanza ukae juu ya mkia wake mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya kwenye uti wa kitabu."

Fundi alimwangalia juu ya miwani, kisha akamkabidhi kile chombo kidogo cha kuzungushia. "Haya. Nionyeshe."

Ubao ulikuwa usawa wa kiuno. Bega halikuwa na sababu ya kugoma, wala halikugoma. Mkono wa kushoto ulikaza ugwe, wa kulia ukazungusha, duara likalala kando ya duara, jembamba, sawasawa, bila mwanya wa kupenya ukucha. Alichagua uzi wa kijani. Dakika kumi zilipita, ishirini. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo. Alipofika mwisho aliurudisha uzi ndani kwa fundo lisiloonekana, akakata, akapitisha kidole. Miezi saba watu walikuwa wakimletea vitu, wakimfungulia vitu, wakimshikia vitu. Huyu alimkabidhi kazi. Alitaka kumshukuru, akasema tu, "Nta yako ni nzuri."

"Na wewe mkono wako ni mzuri," fundi alijibu. Hakusema upi.

Aliubana upinde ndani ya jiliwa lake refu, akazungusha mpini mpaka mabawa yakakaribiana na nyuzi za zamani zikalegea, akazivua, akavika ugwe mpya na kebo zake mbili. Alipolegeza jiliwa, upinde ulijinyoosha na kutoa mlio mmoja mfupi wa chini.

"Sasa nyuzi zitajivuta kidogo, zizoeane," alisema. "Niachie wiki mbili. Ukirudi tutautia sawa. Na tafadhali, usirudi peke yako."

*

Kesho yake asubuhi, jua likiwa juu, mjalidi alikwenda kwa wifi yake. Shuka aliisahau nyumbani, haijapigwa pasi.

Kamanda alikuwa anapika. Jikoni kila kitu kilikuwa kimepangwa kama askari: makopo kwa urefu, visu kwa ukubwa, na shingoni mwa kila kopo pamefungwa kipande cha kamba. Kopo la chumvi lilikuwa na fundo moja, la sukari mawili, la majani ya chai matatu. Mjalidi alikuwa ameingia jikoni humo mara nyingi na kuyaona mafundo hayo akadhani ni ukaidi tu wa mstaafu asiye na kazi.

"Mdogo wangu kaniambia umeupeleka. Fundi anasemaje?" Kamanda aliuliza, akiwa amempa mgongo.

"Anasema umemharibia skrubu."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Kisha mabega yale ya gwaride yakaanza kutikisika, na Kamanda akacheka, kicheko cha chini, kirefu, ambacho mjalidi hakuwahi kukisikia katika miaka ishirini ya undugu.

"Nimezitukana zile skrubu," alisema akijifuta macho kwa kiganja. "Hakuna tusi nililobakisha."

"Tangu lini, wifi?"

Sufuria ilichemka. Kamanda alizima moto, akapapasa kiti kwa nyuma ya goti kabla ya kukikalia. "Presha ya macho. Imeanza pembeni. Unaona kama unatembea ndani ya bomba. Kila siku bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari alisema lililokwenda limekwenda, lililobaki laweza kulindwa, kwa dawa na kwenda kupimwa kila baada ya miezi mitatu."

"Unakwenda?"

Kamanda alipangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

"Wifi. Unakwenda?"

"Kadi ya kliniki wameiandika kwa herufi za sisimizi. Na njia ile ina mitaro miwili. Nilianguka mara moja, mbele ya watoto niliowafundisha kuruka viunzi." Aliinua kidevu. "Usimwambie mdogo wangu."

"Mume wangu ni pakacha, namjua. Sitamwambia. Utamwambia mwenyewe, ukitaka." Mjalidi alivuta kiti chake karibu, mahali ambapo sasa alijua kwamba ataonekana, mbele kabisa. "Nipe hiyo kadi."

Aliisoma. Tarehe ilikuwa imepita kwa wiki tano. Aliikunja, akaitia mkobani mwake.

"Jumanne nitakuja saa mbili asubuhi. Uwe umevaa."

"Unanipa amri katika nyumba yangu?"

"Ndiyo, Kamanda."

Mjalidi alikuwa amekuja na hotuba. Aliitunga njia nzima, ikiwa na duka la dawa ndani yake, na kikombe, na magauni matatu. Lakini sasa, akiutazama ule mkono mkubwa uliokuwa umetulia juu ya meza, wenye alama mpya za kuteleza kwa chuma kwenye vifundo vya vidole, hotuba yote ilimwishia.

"Asante, wifi," alisema.

"Ya nini?"

"Ya skrubu."

*

Wiki mbili baadaye walikwenda pamoja, mkono ndani ya mkono. Mtu angewaona angedhani mzima ni yule aliyeinua kidevu na mgonjwa ni yule mfupi. Na hakuna kati yao aliyejali kusahihisha. Jumanne walikuwa wamekwisha kwenda kliniki. Kulikuwa na matone mapya, manne kwa siku, na mjalidi aliandika saa zake kwenye ubao kwa herufi kubwa kama za bango la dukani.

Fundi aliposikia hatua za Kamanda mlangoni aliinuka mzima mzima, miwani ya kwenye paji ikaanguka. "Mwalimu. Ule utani wangu wa siku ile…"

"Ulikuwa utani mzuri," Kamanda alimkata. "Ng'ombe na pembe zake! Nilicheka mpaka nyumbani. Kisha nikalia kidogo, lakini hilo si kosa lako. Leta upinde."

Nyuma ya karakana palikuwa na ukumbi mwembamba, mwisho wake magunia yaliyoshindiliwa matambara. Hatua chache mbele ya magunia fundi alisimamisha fremu ya mbao, akabandika juu yake karatasi moja nyeupe. Mshale ukipita pale, alieleza, karatasi itasema kila kitu. Tundu la duara maana yake mshale unatoka umenyooka. Ikichanika, upinde bado una neno.

Mjalidi, aliyeishi kwa kuunganisha karatasi zilizoraruka, aliitazama ile nyeupe kwa huruma kidogo. Kisha akaushika upinde.

Mara ya kwanza hakufika hata nusu. Bega lilikumbuka ngazi, likafunga milango. Alirudisha ugwe taratibu, kama alivyofundishwa, bila kuuachia. Mara ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Machozi ya hasira yakamjaa.

"Pumzika," fundi alisema. "Hakuna anayekufukuza."

Kamanda alikuja akasimama nyuma yake, karibu sana, akaweka kiganja chake kipana katikati ya mgongo wa mjalidi, kati ya mifupa miwili ya mabega.

"Unavuta kwa mkono," alisema. Haikuwa sauti ya jikoni. Ilikuwa sauti ya uwanjani, ile iliyowafanya watoto wa watu waruke kuliko walivyodhani wanaweza. "Mkono hauna kazi. Mkono ni ndoano tu. Vuta kwa hapa ninapokushika. Nisukume."

Mjalidi alimsukuma. Kiwiko kilirudi nyuma, ugwe ukaja, uzito ukapanda, ukapanda, ukafika pale ambapo siku zote alisimama. Maumivu yalikuja kumlaki. Kiganja mgongoni hakikuondoka. Akasukuma tena, pumzi moja zaidi, na mara magurudumu mawili yakajigeuza, na uzito wote ukaanguka.

Hakuwa ameambiwa, au aliambiwa hakuelewa: kwamba upinde huu, ukishavuka kilele chake, humbebea mpigaji sehemu kubwa ya mzigo. Alikuwa ameshikilia nguvu iliyotosha kupenya gunia, na mkononi mwake ilikuwa nyepesi kama mpini wa mwavuli. Bega lilikuwa juu. Usawa wa kidevu. Bega lake mwenyewe.

"Wifi," alinong'ona, "nimefika."

"Najua. Nimesikia magurudumu. Kaa hapo kwanza. Usiharakishe kuondoka mahali ulipopatafuta miezi saba."

Akakaa. Akavuta pumzi. Kisha akaachia.

Karatasi ililia mlio mrefu wa kuchanika.

"Imepasua," Kamanda alisema papo hapo. "Soma."

Mjalidi aliiendea fremu, akainama. "Ufa wa urefu wa ncha ya kidole gumba. Umelala, hauendi juu wala chini. Umeanza mnene ukaisha mwembamba."

"Umelala tu? Basi juu na chini tuko sawa. Fundi, sogeza kiegemeo cha mshale, nusu ya unene wa ukucha."

Fundi alikwisha kushika ufunguo. Alisogeza. Mshale wa pili ulichana ufa wa nusu ya urefu wa ule wa kwanza. Mjalidi alisoma, Kamanda akaamuru, fundi akasogeza tena kiasi ambacho hakuna jicho lingekiona. Kati ya mshale na mshale walimsubiri apumzike, na hakuna aliyeangalia saa. Bega liliuma, lakini kwa maumivu ya kazi, yale anayoyajua kila mtu aliyewahi kumaliza jambo.

Mshale wa tano ulipopita, hapakuwa na mlio wa kuchanika. Pu. Sauti fupi, kama kidole kinachogonga ngoma mara moja.

Fundi aliinama kutazama, akajinyoosha, akatabasamu bila kusema, kwa kuwa aliona si haki yake kusema. Mjalidi aliiendea fremu. Aliichomoa karatasi kwenye fremu, akaileta, akaiweka mikononi mwa wifi yake.

Kamanda aliitafuta kwa ncha za vidole, kuanzia pembeni, akazipita zile nyufa nne, mpaka kidole cha shahada kikatumbukia. Alikizungusha mle ndani polepole. Kulikuwa na duara dogo, na kandokando yake mikato mitatu mifupi ya manyoya ya mshale, iliyoachana sawasawa. Alikizungusha tena. Midomo yake ilisogea kana kwamba anahesabu, au anasoma.

Nje, mwenye duka la baiskeli alikuwa akimwita mteja. Kamanda aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akashika bega la wifi yake, lile la kulia, akamgeuza kuelekea magunia.

"Piga mwingine," alisema. "Nataka kusikia."